Shurta, konstebo na sungusungu: nani anamlinda nani?

Miezi michache iliyopita, katika msikiti ninaoswali hapa Dar es Salaam, viliibwa viatu. Halikuwa jambo geni, na kila Muislamu wa mjini anaujua uchungu wa kutoka msikitini pekupeku. Lakini safari ile vijana wa ulinzi wa mtaa walimkamata kijana mmoja karibu na geti, wakamkalisha chini, wakampiga mpaka akakiri. Alikiri viatu, akakiri na simu iliyopotea mwezi wa nyuma, akakiri hata baiskeli ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Siku mbili baadaye ilibainika kwamba viatu vilivaliwa kimakosa na mzee mmoja wa heshima zake, naye akavirudisha mwenyewe huku akiomba radhi.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama barazani, nikasema "Jamani, basi" kwa sauti ambayo sina hakika kama hata aliyekuwa ubavuni mwangu aliisikia, kisha nikaenda zangu nyumbani. Na mimi ndiye ninayesomesha vijana wa sekondari Maarifa ya Uislamu, na huwapa alama pungufu wanaposahau masharti ya ushahidi.

Baada ya tukio lile kamati ya mtaa iliamua kuandika kanuni za ulinzi, ikaniomba nitoe darasa kuhusu ulinzi katika historia ya Uislamu. Mzee mmoja aliniwahi mapema: "Ustadhi, wewe waambie tu kwamba polisi ilianzishwa na Waislamu." Nilikwenda kuvifungua vitabu nikiwa na hamu ya kumridhisha mzee wangu. Ndugu msomaji, nilichokikuta kina fahari ndani yake, na kina aibu pia, na naona si uadilifu kukupa nusu moja nikaficha nyingine.

Tuanze Madina. Katika Sahihi Bukhari imo Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) kwamba Qays bin Saad bin Ubada, kijana wa Kiansari, alikuwa mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.) katika nafasi kama ya mkuu wa shurta mbele ya amiri. Wengi huishia hapo na kutangaza kuwa jeshi la polisi limepatikana. Lakini itazame vizuri kauli ya Anas. Yeye aliishi muda mrefu Basra, akawaona maamiri wa Bani Umayya na shurta wao, na alikuwa akiwafahamisha wasikilizaji wake jambo la zamani kwa neno la zama zao. Zama za Mtume (s.a.w.) hapakuwa na kambi, wala mshahara, wala sare. Palikuwa na watu wanaotumwa kazi ikitokea, na palikuwa na lindo.

Lindo lenyewe tumehadithiwa lilikuwaje. Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, wakatoka kwenda kuangalia, wakakutana na Mtume (s.a.w.) akirejea kutoka huko huko ilikotokea sauti, amepanda farasi wa Abu Talha bila tandiko, upanga umening'inia shingoni, akiwatuliza wasiogope. Kiongozi alitangulia kwenye hatari, raia wakamkuta njiani anarudi. Hebu pima na misafara ya leo.

Kisha akaja Khalifa Umar bin Khattab (r.a.), naye ndiye anayetajwa zaidi kila likitajwa lindo la usiku, ambalo Waarabu huliita asas. Kisa cha mama aliyebandika chungu cha maji matupu ili watoto wake wanyamaze, na Umar akabeba unga mgongoni mwake huku Aslam, mtumishi wake, akitaka kumpokea, kila mtoto wa madrasa anakijua. Sitakirudia. Kuna kisa kingine ambacho hatukisimulii sana, nami naona kinatuhusu zaidi.

Al-Hakim amepokea katika Mustadrak kwamba usiku mmoja Umar na Abdulrahman bin Awf (r.a.) walikuwa wakizunguka Madina, wakaona taa inawaka katika nyumba, mlango umefungwa, sauti za watu zimepanda ndani. Umar akamuuliza mwenzake kama anaijua nyumba ile. Ilikuwa ya Rabia bin Umayya bin Khalaf, na Umar akasema kwamba saa ile walikuwa wakinywa pombe, akataka rai. Abdulrahman akajibu kwamba wao wawili ndio walioingia katika lile alilolikataza Allah, kwa maana ya aya ya 12 ya Suratul Hujurat inayozuia kupelelezana. Umar akageuka, akawaacha na mambo yao.

Tafakari uzito wake. Huyu ni Khalifa. Dhana yake ina nguvu, taa anaiona, kelele anazisikia, na pombe ni haramu bila ya mjadala. Kilichokuwa kati yake na wale watu ni ubao wa mlango tu, na ubao ule ulitosha. Imam Ghazali naye katika Ihyaa anataja kisa kinachofanana na hicho, cha Umar aliyeparamia ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia kwamba yeye amefanya kosa moja na Khalifa amefanya matatu: amepeleleza, hakuingia kupitia mlangoni, na ameingia nyumba ya watu bila ya kubisha hodi na kutoa salamu. Kila kosa lina aya yake. Mlevi alimsomesha fiqihi Amirul Muuminina, na Amirul Muuminina akasomeka.

Basra ya Ziyad

Wapo wanaotaka hadithi iishe hapo. Haikuisha. Miji ilikua. Basra na Kufa ilianza kama kambi za jeshi, na baada ya muda mfupi ikajaa watu wa kila kabila, silaha mikononi na mpasuko wa fitna vifuani. Ndipo shurta ilipokuwa chombo chenye watu wake na mkuu wake. Wataalamu wa lugha wanasema jina limetokana na sharat, yaani alama, kwa kuwa watu hawa walijivika alama ya kuwatambulisha. Naomba uishike alama hiyo, tutairudia.

Mwaka 45 A.H. (665) Muawiya alimteua Ziyad, yule ambaye vitabu humwita Ibn Abihi, kuwa gavana wa Basra. Mji ulikuwa umeharibika kwa ujambazi. Ziyad akapiga marufuku kutembea usiku. Tabari anaeleza utaratibu wake: Isha ilicheleweshwa, kisha mtu akaamrishwa asome Suratul Baqara au mfano wake, kisha ukaachwa muda wa kumtosha mtu kufika mwisho wa mji, halafu mkuu wa shurta akatoka na watu wake, na waliyemkuta nje walimuua. Idadi ya shurta hao, kwa mujibu wa Tabari, ilikuwa 4000.

Usiku mmoja wakamkamata bedui aliyeingia mjini na mnyama wake wa kukamuliwa. Aliulizwa na Ziyad kama hakusikia tangazo. Akaapa kwamba hakusikia. Usiku ulimkuta njiani, akajibanza mahali akingojea asubuhi. Ziyad akamwambia kwamba anamwona ni mkweli, ila kuuawa kwake kuna maslahi kwa umma. Akaamrisha, akakatwa shingo.

Wanahistoria hao hao wanasimulia kwamba Basra ilitulia. Kitu kikidondoka njiani hakiokotwi mpaka mwenyewe akirudie, na mwanamke hulala bila kufunga mlango wake. Niliposoma mahali hapa darasani mwaka jana, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akasema, "Ustadhi, si ndio tunachotaka?" Darasa zima likacheka, na wengi wao walikuwa wakikubaliana naye. Mimi nilimuuliza swali moja tu: yule bedui nyumbani kwake alikuwa na nani? Hakuna kitabu kinachotuambia. Hata jina lake hatulijui, ilhali jina la mkuu wa shurta limehifadhiwa.

Kwa hiyo mzee wangu aliyetaka nitangaze kuwa polisi ni yetu, namjibu kwa adabu: na iwe yetu basi, lakini tumchukue Ziyad pamoja na Umar. Hatuwezi kurithi nyumba tukakataa madeni yake.

Kadhi aliyemwandikia Khalifa

Kinachonipa moyo ni kwamba wanachuoni hawakunyamaza. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 A.H. (798), aliandikiwa na Khalifa Harun Rashid amtungie kitabu kuhusu mapato ya dola. Kitabu ni Kharaj, na mtu angedhani ni mambo ya kodi tu. Ndani yake mna mlango wa wahalifu na wafungwa ambao ningependa kila mwenye pingu mkononi ausome.

Humo Abu Yusuf anamwambia mtawala wa dola kubwa kuliko zote za zama zake kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu mwenziwe amemtuhumu, bali mshitaki na mshitakiwa wakutanishwe na ushahidi uangaliwe. Anasema kukiri kwa mtu aliyepigwa au kutishwa si kukiri, wala hakatwi mkono kwa maneno yaliyotoka chini ya fimbo. Anaeleza habari za wafungwa waliokuwa wakitolewa na minyororo kwenda kuomba chakula kwa watu, anaikemea aibu hiyo, anapendekeza kila mmoja apewe dirham 10 kwa mwezi kutoka Baitul Mali, na nguo za kiangazi na za baridi. Anaagiza pia kwamba pesa apewe mfungwa mkononi, kwa sababu ikipewa mikate wasimamizi wa gereza wataila. Mwaka 798 au kabla yake! Huyu alikuwa Kadhi Mkuu na hakuwa mpinzani wa serikali.

Niseme pia, kwa uaminifu wa elimu, kwamba kauli za wanachuoni hazikuwa moja. Mawardi (aliyefariki 450 A.H., yaani 1058) katika Al-Ahkam as-Sultaniyya anampa amiri anayeshughulikia uhalifu nafasi pana kuliko anayompa kadhi: anaweza kumweka mtuhumiwa ndani kwa uchunguzi, na dhana ikiwa nzito, hata kumtia adabu. Wakubwa wa shurta waliipenda sana milango ya namna hiyo. Lakini Mawardi huyo huyo, anapomzungumzia muhtasib, yule msimamizi wa soko, vipimo na adabu za hadharani, anamzuia kuyachimba yaliyofichwa. Anachoruhusu ni pale panapohofiwa madhara yasiyorudishika, mfano mtu mwaminifu akaleta habari kwamba fulani amejifungia na mwenziwe ili amuue. Hapo mlango huvunjwa, maana maiti hafufuki. Pombe ya Rabia haimo katika fungu hilo.

Na Andalus, kwa maelezo ya Ibn Khaldun, ilikuwepo shurta kubwa na shurta ndogo. Ndogo ni ya watu wa kawaida. Kubwa ilikuwa na mamlaka juu ya vigogo: maofisa wa dola, jamaa zao na wanaojificha chini ya jaha zao. Waislamu wa Cordoba walikwisha gundua kwamba askari wa doria hamwezi mtoto wa waziri, wakamtafutia askari wa saizi yake. Hilo nalipita haraka, kila msomaji ataliwekea mfano wake.

Mchunga farasi akawa mlinzi

Sasa, polisi tunayoijua kituoni, yenye kaunta na kitabu cha kuandikia malalamiko, haikutujia kutoka Cordoba wala Baghdad. Ilitujia kwa Mwingereza, na cheo cha chini kabisa katika polisi yetu mpaka leo ni konstebo. Neno hilo asili yake ni Kilatini, comes stabuli, mkuu wa zizi la farasi la mfalme. Likashuka ngazi karne kwa karne mpaka likamwangukia mwanakijiji wa kawaida.

Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, chini ya Mfalme Edward I, iliamuru malango ya miji yafungwe tangu jua kuzama hadi kuchomoza, watu wakeshe kwa zamu, na mgeni apitaye usiku azuiliwe mpaka asubuhi. Pakipigwa yowe la mwizi, kila mtu alilazimika kutoka kufukuza. Wizi ukitokea na mwizi asipatikane, wakazi wa eneo zima walibeba dhamana. Waliamrishwa hata kufyeka vichaka futi 200 kila upande wa barabara kuu ili majambazi wasijifiche. Konstebo wa parokia alikuwa jirani tu, fundi viatu au mkulima, aliyeshika zamu ya mwaka mmoja bila mshahara. Kwa hakika walikuwa sungusungu.

Udhaifu wake ulionekana London ilipokua. Wenye fedha waliwalipa maskini na wazee wawashikie zamu. Serikali nayo ikaweka zawadi: tangu 1692, aliyemfikisha jambazi wa barabarani kwenye hukumu alipata pauni 40, fedha nyingi kwa wakati ule. Ikazaliwa biashara ya kukamata wezi. Bingwa wake, Jonathan Wild, aliendesha genge la wezi yeye mwenyewe, akawarudishia watu mali zao kwa malipo, na mwizi aliyemletea kiburi akampeleka kitanzini na kuchukua zawadi. Alinyongwa mwaka 1725. Kila ninapowasikia watu wakisema walinzi wetu walipwe kwa kila mwizi wanayemleta, namkumbuka Wild.

Pamoja na hayo Waingereza walichelewa mno kuwa na jeshi la polisi. Waliitazama Paris, iliyokuwa na mkuu wake wa polisi tangu 1667, wakaogopa kujaziwa majasusi majumbani. Robert Peel alipopitisha sheria yake, na konstebo wa kwanza wakatoka kwenye mitaa ya London tarehe 29 Septemba 1829, ilibidi hofu ile ijibiwe. Hawakuvaa nguo nyekundu kama wanajeshi, walivaa koti la bluu na kofia ndefu. Hawakubeba bunduki, walibeba rungu na kelele ya mbao. Namba ya kila mmoja iliandikwa kwenye kola yake, na mwanzoni walitakiwa kuvaa sare hata wakiwa mapumzikoni ili mtu asiseme anapelelezwa. Mwaka 1833 ilifichuka kwamba Sajenti William Popay alikuwa amejivika nguo za kiraia akajiunga na chama cha siasa na kuchochea wenzake. Bunge likaunda kamati, na Popay akafukuzwa kazi.

Unaiona ile alama? Waarabu waliita shurta kutokana nayo, na Waingereza wakaishona kwenye kola. Mwenye alama anajulikana, na anayejulikana anaweza kushitakiwa.

Tatizo ni kwamba huyo aliyeshonewa namba kwenye kola siye aliyepandishwa meli kuja kwetu. Ireland, ambako Mwingereza alitawala watu wasiomtaka, aliunda polisi wa aina nyingine: wana bunduki, wanalala kambini, hawapangwi katika wilaya walikozaliwa ili wasiwe na jirani wa kumwonea haya. Wanahistoria wengi wanaona huo ndio mfano uliofuatwa katika makoloni. Polisi ya Tanganyika ya Mwingereza iliundwa mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, katika nchi iliyotoka mikononi mwa Wajerumani, ambao nao walikuwa na askari wao wa polisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya raia. Lugha yetu inashuhudia: mwanajeshi tunamwita askari, polisi askari, mlinzi wa benki askari, na asili ya neno hilo katika Kiarabu ni mtu wa jeshi.

Ndipo wananchi wanapojitafutia wenyewe. Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walisifiwa kwa kurudisha ng'ombe, wakalaumiwa kwa kuadhibu bila hukumu. Mjini tuna ulinzi shirikishi. Haya yote si mabaya kwa asili yake. Abdulrahman bin Awf alikuwa mlinzi shirikishi. Tofauti ni kwamba mwenzake alipotaka rai, yeye aliitoa, akaitoa papo hapo mlangoni, na kwa sauti ya kusikika.

Darasa nililitoa Jumapili baada ya Alasiri. Kamati imeandika kanuni nne: kila mlinzi avae fulana yenye namba, hakuna kuingia nyumba ya mtu ila kwa idhini yake au pakiwa na mtu anayeuawa, hakuna kupiga aliyekwisha kamatwa, na akikamatwa apelekwe kituoni usiku huo huo, na majina ya waliomkamata yaandikwe. Ya tatu ilibishaniwa mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Kijana mmoja, miongoni mwa wale wa siku ile ya viatu, aliuliza: "Na asipokiri, Ustadhi?" Nikamwambia basi tutakuwa hatujui. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Yule aliyepigwa nilimfuata kwao. Mama yake mdogo alinisimamisha mlangoni, akanieleza kwa upole kwamba amehamia kwa kaka yake Mbagala, na kwamba siku hizi anaswalia nyumbani.